Kuhamisha filta ya oili: Raha kwa fundi, presha kwa mwenye pikapu

Kuna swali moja ambalo vijana wengi wenye pikapu za kazi hawaulizi wakitoka gereji: hiyo filta imebadilishwa kweli, ama ni oili tu?

Uliza siku moja uone. Fundi ashapangusa mikono, amefunga boneti, ameandika kilomita za sevisi ijayo kwenye kibandiko na kukigandisha kwenye kioo. Ukimwambia, "Fundi, na filta?" jibu linakuja bila haraka: "Hiyo bado iko sawa bosi, songa nayo tu hadi sevisi ingine."

Si lazima awe mkora. Mara nyingi shida ni kwamba filta yenyewe haifikiki. Kuitoa lazima mtu alale chali uvunguni, apenyeze mkono kati ya chesisi na injini ambayo bado ina moto, ashike kitu chenye utelezi asichokiona, na kikishalegea oili nyeusi imteremkie hadi kwapani. Kwa leba ya kumwaga oili tu, wewe ungejisumbua?

Chukua zile Hilux za zamani zenye injini ya 22R. Hiyo ni injini ya petroli, silinda nne, lita 2.4, ambayo Toyota ilianza kuitia kwenye pikapu zake mapema miaka ya 1980, na sifa yake kubwa ni kwamba haikubali kufa. Lakini filta yake imekaa ubavuni mwa injini, chini ya manifoldi ya kuvuta hewa. Ukiangalia kutoka juu huioni vizuri. Ukitokea chini mkono unakosa nafasi. Wengine huishia kufungua gurudumu la mbele na kuivamia kupitia uwazi wa pale tairi linapokaa, kama mtu anayetoa mbuzi shimoni.

Ndiyo maana wenye pikapu za aina hii walibuni dawa: toa filta pale ilipo, weka adapta mahali pake, vuta paipu mbili, na ukaifunge filta mahali unapoiona ukifungua boneti tu. Kubadilisha kunakuwa kazi ya dakika chache. Hulali chini, huchomeki, hulaani mtu.

Inasikika fiti. Na inaweza kuwa fiti. Lakini kwa msee ambaye pikapu ndiyo ofisi yake, anayebeba marobota ya mitumba kutoka Gikomba, viazi vya Marikiti ama vitanda vya watu wanaohama mwisho wa mwezi, injini ikifa si hadithi ya gereji tena. Ni kodi ya nyumba, ni mkopo wa chama, ni wateja wanaopigia mtu mwingine simu. Kwa hivyo tuiangalie hii kitu polepole, tujue unapata nini na unahatarisha nini.

Kwanza, filta inafanya nini? Pampu hunyonya oili kutoka kwa sampu, lile bakuli la chini ya injini, na kuisukuma hadi kwenye filta. Oili huingia kupitia vitundu vidogo vya pembeni, hupenya karatasi iliyokunjwakunjwa, huacha uchafu wake hapo, kisha hutokea tundu kubwa la katikati kwenda kulainisha beringi za kranki, kemshafti na jamaa zao wote.

Karatasi ikijaa uchafu, oili haisimami. Kuna valvu ndogo, mara nyingi ndani ya filta yenyewe, ambayo hufunguka na kuiacha oili ipite bila kuchujwa. Waliobuni waliona afadhali injini inywe oili chafu kuliko ikose kabisa. Na hapo ndipo lile neno la "songa nayo" hupata nguvu. Gari linawaka, hakuna taa kwenye dashibodi, hakuna sauti ngeni. Uchafu unazunguka kimyakimya ukisaga beringi, na bili inakuja baadaye sana, wakati fundi hata hakumbuki rangi ya pikapu yako.

Magari ya kwanza kabisa hayakuwa na filta ya oili. Ni 1923 ambapo Ernest Sweetland na George Greenhalgh, huko Marekani, walisajili uvumbuzi wao na kuuita Purolator, jina lililobanwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "oili safi baadaye". Zaidi ya miaka mia moja imepita na bado tunabishana gereji kama ni lazima kuibadilisha.

Turudi kwa paipu. Kuweka filta mbali na injini si uvumbuzi wa juzi. Magari ya mashindano na boti hufanya hivyo kwa sababu nafasi ni finyu. Vifaa vyenyewe ni vichache: adapta inayoskrubiwa pale filta ilipokaa, kichwa cha kushikilia filta mahali papya, paipu mbili, na vile vipete vya mpira vya kuziba, ambavyo mafundi huviita oringi.

Uchache huo ndio unaodanganya watu. Filta ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye injini, kuna sehemu moja tu inayoweza kuvuja: gasketi yake. Ukishaihamisha, hesabu upya. Oringi ya adapta, moja. Vichwa viwili vya paipu upande wa injini, tatu. Viwili upande wa filta, tano. Gasketi ya filta, sita. Hapo hatujahesabu paipu zenyewe kupasuka, kuchomeka ama kusuguliwa na chuma hadi zitoboke.

Na huwa si kuvuja kwa matone tu. Injini ikiwaka ingali baridi, presha ya oili inaweza kufika mara mbili ya ile ya upepo kwenye tairi la gari dogo. Paipu ikichomoka, pampu haijui. Inaendelea kusukuma. Lita nne hivi za oili zinaweza kuishia barabarani kwa muda mfupi kuliko wimbo mmoja wa redio, na kama dereva amepandisha sauti na haangalii dashibodi, ile taa nyekundu yenye mchoro wa birika itawaka peke yake hadi injini ishikane. Hiyo ndiyo ngori yenyewe.

Kwa hivyo kabla hujatoa doo, jaribu njia za bei nafuu. Kuna kifaa chenye umbo la kikombe kinachovaa mgongo wa filta na kuzungushwa kwa rachet yenye mkono mrefu. Kinafika pahali ambapo ngumi yako haiwezi. Kwa baadhi ya injini kuna filta fupi yenye skrubu ile ile na gasketi ile ile, kopo tu ndilo limepunguzwa, na hizo sentimita chache huwa tofauti ya kutoa na kushindwa. Kuhusu oili kumwagika, zamani watu walikuwa wakiifunika filta kwa mfuko wa plastiki kabla ya kuimalizia kuifungua. Mifuko ilipigwa marufuku 2017, lakini jerikeni ndogo iliyokatwa ubavu inafanya kazi hiyo vizuri tu.

Kama ni gari la nyumbani linalofanyiwa sevisi mara moja moja kwa mwaka, mimi ningeishia hapo. Fungua gurudumu, lipa fundi leba ya ziada, mwambie wazi unalipia filta. Na kama pikapu ni mpya na bado ina waranti, usiguse kabisa, kwa sababu likitokea la kutokea utakuwa umewapa sababu ya kukugeuzia mgongo.

Lakini kama gari linakula kilomita 5,000 kila mwezi ama chini ya hapo, na kila sevisi ni vita, basi kuhamisha kunaleta maana. Filta inayofikika hubadilishwa. Hiyo peke yake inaweza kuongezea injini miaka. Sharti ni kazi ifanywe na mtu anayeheshimu mambo matatu: uzi, mwelekeo na paipu.

Uzi ni ile mikato ya skrubu. Saizi mbili zimezoeleka kwenye filta: ya inchi 3/4 yenye mikato 16 kwa inchi, na ya milimita 20 yenye hatua ya milimita 1.5. Inchi 3/4 ni milimita 19.05, kwa hivyo kwa macho zinafanana kama Kulwa na Doto. Ukichukua adapta ya milimita 20 na kuifunga kwenye skrubu ya inchi 3/4, inaweza kuingia mizunguko kadhaa na kukupa imani kwamba imeshika. Haijashika. Imelegea kwa karibu milimita moja, na presha ikipanda itang'oka. Beba filta yako ya zamani hadi dukani, soma namba yake, linganisha. Usinunue kwa kukadiria, wala kwa sababu muuzaji ameapa kwamba hiyo inaingia gari zote. Hakuna kitu kinachoingia gari zote.

Mwelekeo ni suala la paipu gani inaenda wapi. Oili lazima iingie filta kwa pembeni na itoke katikati. Adapta nyingi huwa na alama ya kuingia na kutoka. Ukizibadilishana, oili itajaribu kupita kinyume na kukutana na kile kipande cha mpira kinachozuia filta isijimwage gari likizimwa. Mpira huo utafanya kazi yake: utafunga njia. Injini itakuwa inawaka bila oili, na wewe uko hapo nje unashangaa mbona kazi imekuwa rahisi hivi.

Paipu ndipo watu wengi hubania pesa, na ndipo pesa inapofaa kuwekwa. Paipu ya maji ya radieta haifai. Paipu ya kawaida ya petroli haifai. Nailoni ya kunyunyizia maua, hiyo hata tusiongee. Inatakiwa mpira uliotengenezwa kwa oili moto, wenye nyuzi za kuuimarisha ndani, na tundu la nusu inchi au zaidi ili oili isibanwe njiani.

Nairobi tuna bahati, Industrial Area kuna maduka yanayokata paipu za haidroli na kubana vichwa vya chuma kwa mashine, pale ukingojea. Vichwa vya kubanwa hivyo vinatulia kuliko klipu za kukaza kwa bisibisi. Lakini muulize muuzaji swali moja: hii imepimwa kwa joto gani? Paipu nyingi za kawaida za haidroli zimepimwa hadi digrii 100 za Selsiasi. Oili ya injini inayopanda kutoka Mai Mahiu ikiwa na mzigo, jua la saa saba juu yake, inaweza kupita hapo. Zipo paipu zinazostahimili joto zaidi. Ni ghali kidogo. Lipa.

Wakati wa kufunga, kagua uso wa injini pale filta ilipotoka. Gasketi ya zamani hupenda kubaki imeganda hapo, na ukifunga adapta juu yake utakuwa na gasketi mbili zinazosukumana, ambazo hazizibi hata siku moja. Pangusa, gusa kwa kidole, hakikisha ni chuma kitupu. Paka oringi mpya oili kidogo. Kisha kaza kama kitabu cha vifaa kinavyosema, si kama mtu anayenyonga adui.

Kuhusu mahali pa kuiweka, kuna vijana hupenda kuitundika mbele chini ya bampa ili ionekane kama gari la safari rally. Hapana, buda. Bampu zetu na mawe ya barabara za mashambani vitaimaliza wiki ya kwanza. Iweke juu, kwenye ubavu wa ndani wa chumba cha injini, mbali na manifoldi ya moshi na mbali na feni. Itundike kopo likining'inia chini na mdomo ukiangalia juu. Hivyo ukiifungua, oili inabaki ndani ya kopo kama uji kwenye kikombe, na ile mpya unaijaza kabla ya kuifunga.

Paipu ziachiwe ulegevu kidogo. Injini imekalia raba na hutikisika, bodi haitikisiki nayo. Paipu iliyonyooshwa kama kamba ya kuanikia nguo itavutwa kila ukikanyaga mafuta hadi ikatike. Palipo na ukingo wa chuma, ivalishe kipande cha mpira mwingine juu.

Halafu kuna oili ya ziada, kitu ambacho wauzaji husahau kutaja. Paipu mbili za mita moja kila moja, zenye tundu la nusu inchi, hubeba karibu robo lita. Hiyo ni kama chupa ndogo ya soda. Ukijaza kipimo kile kile cha zamani, kijiti cha kupimia kitakuonyesha upungufu injini ikishazunguka kidogo. Ongeza hadi alama, usizidishe.

Usiwashe gari moja kwa moja. Chomoa waya wa koili ili injini isishike moto, kisha zungusha kwa staata, vipindi vifupi vifupi, hadi ile taa ya birika izime. Maana yake oili imejaza paipu na kufika inakotakiwa. Sasa rudisha waya, washa, na mtu mmoja abaki ameinama na tochi akiangalia kila kiungo. Tone moja ni tone moja. Usiambiwe "itajiziba."

Usiku huo lala na kadibodi safi chini ya injini. Asubuhi isome. Ukishaenda kilomita 100 hivi, kagua tena, kwa sababu joto na baridi hulegeza vitu. Baadaye iwe ni mazoea tu, kila ukijaza tangi unapitisha macho na mkono kwenye paipu. Zikianza kuwa ngumu, kuvimba ama kupasuka ngozi, ni za kubadilisha, si mali ya urithi. Na kama kila asubuhi taa ya oili inachelewa kuzima sekunde kadhaa ukiwasha, kuna uwezekano ule mpira wa kuzuia filta isijimwage ni mbovu na oili inarudi sampu usiku. Filta za bei ya kutupa huwa na tabia hiyo, na Nairobi filta feki si habari mpya kwa mtu.

Sasa filta iko mahali unapoiona, hakuna fundi atakayekuambia songa nayo. Andika tarehe na kilomita juu ya kopo kwa kalamu ya wino mzito, na udai ile ya zamani mkononi kabla hujalipa. Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro wa gereji, kwa sababu mtaro huo unaishia mtoni, na kuna watu chini huko wanamwagilia sukuma wiki tunayokula.

Kitu cha mwisho kinakaa chini ya kiti cha dereva. Adapta nyingi hufungwa kwenye ile ile skrubu ya injini iliyokuwa ikishika filta, bila kuiharibu. Kwa hivyo beba filta moja ya kawaida ambayo umeijaribu ukajua inaingia, spana ya kufungulia adapta, na galoni ya oili. Paipu ikikupasukia mbali na watu, na ukawahi kuzima injini mara tu taa ilipowaka, unaing'oa hiyo mitambo yote, unaskrubu filta pale pale Toyota walipoiweka, unajaza oili, unafika nyumbani. Utachomeka mkono kidogo, lakini utafika.